Marehemu Maulidi Abeid na Maji ya Jibondo (1966–2024)

Masheikh wetu, wazee, majirani wa Jibondo, na nyinyi mliovuka kutoka Utende na Kilindoni, assalamu alaykum. Mimi ni Abdulrahmani, mdogo wake marehemu. Kusema mbele za watu sikuzoea, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika. Kaka aliniachia kazi moja: kabla hajaingia kaburini, niwaambie ukweli wa ile picha ya dumu. Nitausema nikifika mahali pake.

Maulidi Abeid alizaliwa hapa Jibondo siku ya Ijumaa, tarehe 1 Julai 1966, mtoto wa kwanza wa mzee Abeid, fundi wa mashua, na mama yetu Time. Ulikuwa mwezi wa Mfungo Sita, maulidi yanasomwa kila upande, jina likapatikana bila kutafutwa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kuanzia 1974 hadi 1980. Siku hizo kila mtoto alikwenda darasani na chupa yake ya maji. Yeye yake aliifukia mchangani chini ya dirisha ili yabaki baridi. Waliosoma naye wanalikumbuka jambo hilo, na wanamkumbuka pia aliyekuwa akimnywea. Yupo hapa leo, nami simtaji.

Alipomaliza darasa la saba alishika shoka kwa baba. Hifadhi ya bahari ilipoanzishwa mwaka 1995, aliingia kwenye kamati ya kijiji. Mikutano ya mambo ya nyavu ilikuwa mikali, watu wakitoka hawasalimiani, lakini yeye hakupandisha sauti, na huko ndiko wengi walikomjua. Mwaka 1998 aliajiriwa nahodha wa boti kwenye hoteli moja ya wageni Utende. Nikiikumbuka miaka ile, namwona na kofia yake ya bluu, anawaonyesha Wazungu kasa na kuwakataza kugusa, kwa Kiingereza chake cha maneno ishirini. Ilikuwa miaka mizuri. Jioni alirudi na mkate wa hotelini, tukaugawana nyumba nzima.

Alimuoa bibi Kidawa tarehe 12 Septemba 1992, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2015 aliacha kazi ya hoteli akagombea udiwani wa kata yetu. Sasa nafika kwenye picha.

Jumamosi tarehe 22 Agosti ilikuwa harusi ya dada yetu Arafa. Pilau la watu mia tatu linataka maji, na Jibondo maji yaliletwa kwa chombo, kila mtaa kwa zamu yake. Ijumaa ile zamu ilikuwa ya mtaa wa kusini. Kaka aliichukua mashua ya maji kwa ajili ya harusi yetu. Alikuwa mgombea, hakuna aliyemkatalia. Mtaa wa kusini ukakaa siku mbili bila maji. Mimi nilikuwemo mashuani, na sikusema kitu.

Tuliposhusha mizigo, Shani, binti aliyekuwa mapokezi kule hotelini, alikuwa amekuja harusini. Alimpiga kaka picha kwa simu: yuko baharini hadi magotini, dumu begani, anacheka. Pembeni alisimama mama mmoja wa mtaa wa kusini na ndoo tupu. Shani hakujua habari za zamu. Aliikata pembeni picha ikae vizuri, akaiposti Facebook na maneno haya: "Wengine wanaahidi maji, huyu anayabeba."

Kufika Jumapili, watu wa Tanga, Mwanza na hata Maskati walikuwa wameishea. Walimwita Mzee wa Dumu. Kwenye kampeni vijana walipiga madumu kama ngoma. Tarehe 25 Oktoba alishinda. Kwa hiyo, ndugu zangu, udiwani wa kaka yangu ulitokana na maji aliyowanyima watu wake.

Mama mwenye ndoo alikuwa bibi Mwanamkuu. Baada ya kuapishwa, kaka alikwenda kwake, nami nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mheshimiwa umekuja na nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Nataka niwaambie watu ukweli wa picha ile."

"Radhi nimekupa. Ukweli waambie ukipenda, mimi ninao. Maji je?"

Tangu wiki ile, kila Ijumaa asubuhi alivuka kutoka Utende, alikokuwa amehamia, na boti yake na madumu kumi, akayafikisha mtaa wa kusini kwa bega lake. Ukitoa simu umpige picha, alikwambia, "Weka simu mfukoni, shika dumu." Bibi Kidawa alikuwa akimtania, "Jibondo nzima inabebewa maji, mimi mkewe sijaletewa hata kikombe." Udiwani wake uliacha pia matangi matatu ya kuvuna maji ya mvua.

Lakini picha ilimkaa rohoni. Mwaka 2018 aliandika mwenyewe kwenye ukurasa wake: "Maji yale yalikuwa ya harusi yetu, tena zamu haikuwa yetu. Mnisamehe." Watu wakamwekea vikaragosi vya kucheka. Mmoja akaandika, "Diwani mnyenyekevu, hata sifa hataki." Picha ikasambaa upya. Kaka alinionyesha, akasema, "Ndugu yangu, nimekiri, wamenipigia makofi."

Mwaka 2020 wenzake wa kampeni walitaka picha ileile iwekwe kwenye mabango. Alikataa, akaifuta kwenye ukurasa wake. Wakamwambia, "Bwana Maulidi, hiyo picha ndiyo kura. Ukiifuta unajifuta." Mpinzani wake aliposti video kila siku. Kwenye kura za maoni kaka akashindwa, na kwenye kundi la WhatsApp mtu akaandika, "Mzee wa Dumu kaishiwa maji." Aliyasoma maneno hayo kwa sauti, akacheka peke yake. Ijumaa iliyofuata alivuka na madumu yake kama kawaida.

Alianza kuugua kisukari mwaka 2021, kikafika kwenye figo. Alitibiwa Kilindoni, kisha Dar es Salaam. Daktari alimpimia maji ya kunywa, nusu lita kwa siku nzima. Aliishika chupa yake, akaniambia, "Sasa ndiyo namjua Mwanamkuu." Alifariki nyumbani kwake Utende jana, Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu sita, dada yetu Arafa na mimi. Tunamshukuru bwana Alihussein wa Kilindoni, aliyefungua duka alfajiri ya leo karatasi hizi mlizoshika zichapwe.

Geuzeni ukurasa wa mwisho. Picha ni ileile, lakini haijakatwa. Shani aliitunza nzima miaka yote hii. Kushoto, mwenye ndoo, ni bibi Mwanamkuu, ambaye leo amekaa na kina mama pale barazani. Nilimwomba ruhusa jana usiku. Aliitazama sana, akasema, "Ichapeni. Ila na hilo mliseme, kwamba ndoo baadaye ilijaa."

Nimesema. Mola amsamehe kaka yetu, na amnyweshe kwenye hodhi ya Mtume wake, asione kiu tena.