Inspekta wa Discovery Gardens

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mlipo. Uko dukani Naif unafunga mzigo wa kwenda nyumbani, au uko International City umetoka zamu na miguu inauma, karibu. Mimi ni Jaafar Mselem. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua jina. Lakini wakazi wa Discovery Gardens mlimwona. Mzungu mrefu, kavaa koti zito katika joto la Agosti. Anasimamisha watu njiani na kuwauliza swali moja: "Mmemwona mtoto wa kike, miaka tisa, ana pengo mbele?"

Jina lake Murdo Gillanders. Alikuwa Mskochi. Alikuwa mwigizaji wa televisheni. Amefariki dunia mwezi uliopita, hapa hapa Dubai, akiwa na miaka sabini na saba. Tumemzika makaburi ya Al Quoz.

Murdo alizaliwa Dundee, mji wa viwanda vya magunia huko Uskochi. Mama yake alifanya kazi kiwandani, na kelele za mashine zikamwondolea uwezo wa kusikia. Basi nyumbani ilibidi mtu aseme kwa uso mzima, ili mama asome midomo. Dada yake, Bi Agnes, aliniambia kwa simu: "Murdo alijifunzia uigizaji jikoni. Alikuwa anamwigizia mama habari zote za mtaa. Mama anacheka mpaka anashika mbavu."

Kutoka jikoni akaenda jukwaani, kutoka jukwaani akaenda kwenye televisheni. Mwanzoni walimpa vijisehemu. Aliwahi kuwa mleta barua. Aliwahi kuwa maiti, mara mbili. Halafu wakampa Inspekta Craik, polisi wa kutafuta watu waliopotea. Tamthilia ikapendwa mno. Kila wiki mtu anapotea, kila wiki Inspekta Craik anampata. Hakukosa hata mara moja. Likumbukeni hilo, wasikilizaji. Inspekta Craik hakukosa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mchana mmoja Murdo anatoka studio, bado kavaa koti la inspekta. Getini kuna mama kasimama, ana picha mkononi. Huyu si mtu wa tamthilia. Binti yake alikuwa amepotea kweli. Alitoka shule, nyumbani hakufika. Polisi wa kweli walikuwa wametafuta mpaka wakaishiwa pa kutafuta. Mama yule akamshika Murdo mkono. Akamwambia: "Inspekta, wewe hukosi. Nitafutie mwanangu."

Mjane wake, Bi Fairuz binti Ubeid, alinisimulia kama mumewe alivyomsimulia. "Aliniambia, Fairuz, nilifungua mdomo niseme mimi ni Murdo, mwigizaji tu. Ikatoka sauti ya Craik."

Sauti ya Craik ilisema: "Nitamtafuta, mama. Nitakuletea."

Yule mama akapangusa machozi, akamwachia picha, akaenda zake ametulia. Murdo akabaki pale getini na picha ya mtoto wa miaka tisa, anacheka, ana pengo mbele.

Hakumtafuta. Angeanzia wapi? Picha aliipeleka kituo cha polisi, wakamwambia wanayo. Kurudi kwa yule mama aseme kweli, akashindwa. Msimu ule wa tamthilia ulipokwisha, akaacha kuigiza. Watu walishangaa. Mtu yuko kileleni, anaachaje? Yeye alijibu kwamba amechoka, basi.

Alihangaika nchi hii na ile, mwisho akatua Dubai, akawa anafundisha watu kuzungumza mbele ya kamera. Ndipo alipokutana na Bi Fairuz, mtu wa Kibokoni, Mombasa, aliyekuwa mpambaji kwenye studio ya matangazo. Bi Fairuz anakumbuka mumewe alivyokaa kwenye kiti chake mara ya kwanza. "Nampaka poda, akaniambia, tafadhali, usinifanye nikafanana na polisi. Nikacheka. Yeye hakucheka."

Murdo akasilimu, wakaoana. Akajifunza Kiswahili cha mezani: chai, bado, asante, pole mke wangu. Waliishi kwa raha miaka mingi.

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau. Alisahau funguo. Alisahau siku. Mwisho akasahau kwamba Craik si yeye. Asubuhi moja akavaa lile koti la inspekta, akashuka chini, akaanza kazi.

Alitafuta nyuma ya magari. Alitafuta kwenye bustani katikati ya majengo. Akiona watoto wanacheza, husimama akawatazama nyuso, mmoja mmoja. Wapo wazazi walioogopa, na hatuwezi kuwalaumu. Mmoja akapiga simu polisi. Wakaja, wakasema kwa upole: mzee asishuke peke yake tena. Lakini mlango ukifungwa, Murdo aliupiga ngumi akilia, "Ananingoja mama wa watu!"

Aliyemsaidia ni mlinzi wa jengo, Japhet, mtu wa Songea. Japhet alipanda juu, akabisha, akapiga saluti. "Shikamoo afande! Sajini Japhet. Twende wote doria." Tangu hapo wakawa wanazunguka pamoja. Wakichoka, Japhet husema, "Afande, eneo hili tumelikagua, hayupo. Yalla, tukanywe maji." Na afande alikubali.

Lakini usingizi hakupata. Ndipo Japhet akamwambia Bi Fairuz, "Mama, tumwambie mtoto kapatikana. Kesi ifungwe, khalas."

Bi Fairuz akakataa. "Uongo ndio uliomfikisha hapa. Nimwongezee mwingine?"

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alimwona mumewe kajiinamia, anaongea na picha ambayo mkononi hana. Akakubali.

Wakamwomba Severina, Mtanzania anayefanya kazi za ndani jengo la pili. Severina aje kama mama wa mtoto. Aseme neno moja: amepatikana. Mniwie radhi, wasikilizaji, jambo moja hawakulifikiria. Severina naye ana binti, kamwacha Njombe angali ananyonya. Sasa mtoto yuko shule, na kwenye simu anamwita shangazi.

Severina akaingia sebuleni, akakaa. Murdo akamtazama. Hakuona rangi, hakuona sare ya kazi. Aliona mama. Akapiga magoti mbele yake, mzee yule, akasema: "Sikumtafuta. Nilikwambia nitamtafuta, sikumtafuta."

Severina akafungua mdomo aseme lile neno. Likakataa kutoka. Machozi yakamtoka, akamshika kichwa, akasema kwa Kiswahili: "Mimi bado namngoja. Ila wewe pumzika, baba. Umeniambia ukweli. Pumzika."

Murdo akajibu kwa Kiswahili chake cha mezani: "Asante. Pole." Akavua koti mwenyewe.

Hakulivaa tena. Dirishani aliendelea kukaa, sitawadanganya, na macho yake yaliendelea kufuata watoto kule chini. Lakini mlango hakuupiga. Alifariki asubuhi, chai iko mezani, Bi Fairuz kamshika mkono. Wafanyabiashara wa Naif walifunga maduka wakaja kumswalia mtu wasiyemjua.

Baada ya mazishi, Bi Agnes alimpigia Bi Fairuz simu kutoka Dundee. Akasema jambo alilolisikia kwa majirani wa yule mama, akamficha kaka yake miaka yote. Yule mama alikufa zamani. Mtoto hakupatikana, mpaka leo. Na hadi kufa kwake mama yule aliwaambia majirani, "Sina wasiwasi. Inspekta anamtafuta."

Nilimuuliza Bi Fairuz, je, habari hiyo imekuumiza au imekutuliza? "Mwanangu Jaafar," akasema, "huyo mtoto sasa angekuwa mtu mzima, rika langu. Nikipanda metro, nawatazama wanawake wa Kizungu wa umri wangu usoni. Mume wangu amepumzika. Kazi ameniachia mimi."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa mkono wa rambirambi kwa Bi Fairuz, kwa Bi Agnes kule Dundee, na kwa Japhet, ambaye kazini bado wanamwita Sajini. Severina ameomba likizo, na madam wake ameridhia. Inshallah mwezi ujao atakuwa Njombe.

Mungu amrehemu Murdo Gillanders. Na sisi tuliobaki, hasa tulio mbali na kwetu, tunaahidi sana kwenye simu. Kama yuko mtu anakungoja kwa neno ulilomwambia, mpigie leo. Mpigie hata kama ulilonalo la kumwambia ni kwamba hutaweza.