Chombo cha Muziki cha Profesa Kashindi

Wapendwa ndugu, mapadri wetu, wakuu wa serikali mliofika na ninyi mliotuma radhi, majirani wa mtaa wetu wa Kimanga, Uvira, na wenyeji wetu wa hapa Kiringye, kabla ya kumshusha Profesa Jean-Berchmans Kashindi familia inaomba msamaha, kwa sababu mlialikwa jana, mkalia jana, mkala jana, na aliyekosekana alikuwa marehemu, pamoja na sisi tuliomsindikiza, akiwa amezuiliwa njiani kwa sababu za kiofisi tutakazozifikia katika nafasi yake, maana yeye mwenyewe hakupenda mtu aruke mstari.

Profesa alizaliwa hapa Kiringye tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Papa Kashindi, mkulima wa mpunga, na Mama Apollinarie, ambaye kaburi lake ni hili mnaloliona upande wa kushoto, na kulazwa pembeni ya mama yake ndilo jambo pekee alilomwomba mke wake alipoona nguvu zinamwishia, Mama Domitille akamwahidi, na ahadi hiyo ndiyo iliyokaribia kutushinda jana.

Kuhusu masomo, alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1963, akayakatisha kwa sababu ya vurugu za mwaka uliofuata, akayarudia, na katika darasa la ubatizo alimuuliza katekista vitu visivyoonekana vinahesabiwaje, katekista akampa adhabu ya kuchota maji, adhabu ikaisha jioni ile ile lakini swali likamchukua maisha yote. Sekondari alisoma Bukavu, kuanzia 1971 hadi 1977, kisha Kinshasa, alikopata diplome yake ya fizikia mwaka 1982 na kubaki msaidizi wa maabara, halafu Ubelgiji, kuanzia Oktoba 1986, kwa masomo ya udaktari katika fizikia ya nyuklia, na wakati huo wote Papa Kashindi aliwaeleza majirani kwamba mtoto wake anasoma vitu vidogo sana, nao walimhurumia, wakimuuliza kila mwaka, "Miaka yote hii, na bado ni vidogo tu?"

Alitetea kazi yake tarehe 21 Juni 1991, juu ya namna ya kutenganisha mionzi hafifu ya kitu kinachopimwa na ile ya dunia yenyewe, kwa sababu, kama alivyotueleza kila Krismasi bila kuombwa, udongo, mawe, ndizi na hata shemeji aliyeketi karibu nawe, vyote vinatoa mionzi kidogo, tangu kuumbwa, na hajapatikana bado mtu aliyekufa kwa kuketi karibu na ndizi.

Alirudi nyumbani Septemba ya mwaka huo akiwa na mashine yake ya kuhesabu mionzi, kisanduku cha chuma chenye mkono mmoja na kipaza sauti, na mpakani afisa wa duane, yaani forodha, alimuuliza inafanya nini, akajibu kwamba inahesabu kitu kisichoonekana, afisa akasema, "Sasa minye nitakiandika wapi, Docteur?", ndipo Profesa akaiwasha, ikalia ta, ta-ta, ta, afisa akaisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeanza kuelewa, akaandika "chombo cha muziki" na kugonga mhuri. Profesa alikuwa amechoka na safari, akatia sahihi, na tangu hapo ofisi moja ya utamaduni ilimwandikia kila mwaka aje kupiga siku ya gwaride, naye alijibu kila barua kwa heshima zote, kwamba bado anafanya mazoezi.

Kuhusu ndoa, alikuwa amefunga pingu za maisha na Domitille, mwalimu wa shule ya msingi, tarehe 19 Julai 1986 kule Uvira, miezi michache kabla ya kusafiri, na Mungu akawapa watoto watatu, Héritier, Sabine na Shalom, pamoja na mtoto wa nne ambaye hakuwa katika mpango, yaani kristali ya kupimia, kitu cha bei kisichovumilia unyevu hata kidogo, ambayo kwa sababu ya hewa ya ziwa Profesa aliilaza ndani ya thermos ya nyumba, juu ya mchele mkavu, na kila wageni walipofika Mama Domitille alisimama mlangoni na kuuliza, "Papa Héritier, minye chai nitaitia mu nini?", na kwa miaka thelathini jibu lilikuwa, "Mu sufuria, mama."

Kuhusu kazi, alifundisha kule Uvira kuanzia Januari 1992 hadi alipostaafu Julai 2022, na katika miaka hiyo alipima mchanga wa pwani yote ya kaskazini ya ziwa, matofali ya nyumba zetu, mawe yanayoshuka na mito kutoka milimani, na, kwa bahati mbaya, ndagala za sokoni, kwani siku aliposogeza mashine kwenye meza ya Mama Jolie, mbele ya watu, bila kueleza kwanza, ikalia kama ilivyolia kila mahali, soko zima la samaki likabaki bila mnunuzi, na ilimbidi Profesa arudi Jumamosi baada ya Jumamosi, aketi kwenye kigoda mbele ya meza ile, ale ndagala hadharani huku Mama Jolie akiwaita wapita njia, "Mumuangalie, iko anakula, na iko mzima!" Wanunuzi walipopata imani tena yeye alikuwa amezizoea, akaendelea kula.

Aliwavunja moyo pia watu wengi waliomletea madini ya kuwatajirisha, miongoni mwao bwana mmoja aitwaye Patient, aliyefika na sanduku zito lililofungwa kwa minyororo, akiwa amelinunua kwa bei ya ng'ombe wawili akiambiwa ni uranium, na ndani kukakutwa risasi ya betri ya lori, na bwana Patient alipoomba mashine ijaribu tena labda haikusikia vizuri, Profesa alijaribu tena, kwa sababu hakuwa mtu wa kumnyima mwenzake jaribio la pili.

Wanafunzi wake watakumbuka zoezi alilowapa kila mwaka, la kutafuta mahali mashine itakaponyamaza, nao waliibeba kanisani, shimoni, hata katikati ya ziwa ambako ilipunguza sauti tu, hadi Eliane, ambaye leo ni msaidizi mkuu wa maabara, aliporudi na furaha kwamba amepapata mahali hapo, Profesa akafungua kisanduku, akatoa betri zilizokufa, akamwambia, "Mashine ikinyamaza, usiseme hakuna kitu, uliza kwanza kama iko hai," akampa sifuri, na mwaka uliofuata akampa kazi.

Kuhusu ugonjwa na kifo, alianza kusumbuliwa na sukari mwaka 2016, figo zikalemewa Mei mwaka huu, na alifariki Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023, saa kumi za alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita, na daktari alieleza wazi kwamba ni sukari, lakini kifo cha sukari kilionekana kidogo mno kwa mtu mwenye diplome nyingi vile, mtaa ukachagua atomu, na kabla hatujatoka morgue, chumba cha maiti, habari ilikuwa imetutangulia hadi kwenye kizuizi cha barabarani, ambako bwana Ezéchiel, mkuu wa biro, ofisi moja ambayo familia haitaitaja kwa sababu bado tuna dosye pale mezani kwao, alitusimamisha jana mchana akidai atestasion, cheti cha kuthibitisha kwamba mwili hautoi mionzi yoyote, la sivyo urudi ulikotoka.

Eliane, kwa kuwa amefundishwa na Profesa, alijibu, "Muzee, kila mwili unatoa," na jibu hilo la kweli ndilo lililotulaza barabarani. Mama Domitille, aliyekuwa ameketi pembeni ya sanduku la marehemu tangu Uvira, alimshika mkono, "Mwanangu, andika tu hapana, niliahidi," Eliane akalia, akasema, "Mama, nikiandika hapana ataamka," na hakuna aliyecheka, kwa sababu wote tulimjua. Kilichobaki ni kumpima mbele ya macho ya watu, mashine tulikuwa nayo garini, lakini asubuhi ya leo bwana Ezéchiel akasoma amri yake hadi mwisho, kwamba mashine yoyote ya mionzi nayo hairuhusiwi kushushwa, ndipo Mama Domitille akafungua mkoba wake, akatoa karatasi ya duane ya mwaka 1991 na kumpa kwa mikono miwili. Bwana Ezéchiel aliisoma, akaugeuza mhuri kwenye mwanga, akauliza, "Hiki ni chombo cha muziki?", Mama akajibu, "Njo vile serikali iliandika," naye akaikunja karatasi, akasema, "Basi, muziki haujakatazwa mu kilio."

Mashine ikashushwa, ikawekwa juu ya sanduku, ikalia ta, ta-ta, ta, watu wakarudi nyuma, lakini Eliane akaisogeza kwenye udongo, ikalia vile vile, akaisogeza kwenye ukuta wa biro, ikalia zaidi, na mwisho kwenye kifua cha bwana Ezéchiel, ikalia kama kwenye sanduku. "Minye pia?" akauliza. "Weye pia, Muzee." Mama Jolie akadakia kutoka nyuma, "Na ndagala zangu njo zililia vile, na weye ulizikula," na bwana Ezéchiel, baada ya kutafuta katika amri yake kama anaweza kujizuia mwenyewe kuingia biro yake na kukosa kifungu, aliandika kwa mkono wake kwamba marehemu anatoa mionzi ya kawaida, sawa na ya mkuu wa biro, akapiga mhuri, na yuko hapa pamoja nasi, mstari wa pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliosema sukari na wakabaki na sukari, majirani wa Kimanga waliolala na sisi barabarani, wenzake wa kazi na wanafunzi, wenyeji wa Kiringye waliopika mara mbili, na bwana Ezéchiel kwa kifungu alichokikosa. Mama Domitille ameomba chombo kiachwe kimewashwa juu ya sanduku hadi mwisho, kisha Eliane akirudishe darasani, kwa hiyo sauti mnayoisikia tangu nianze kusoma ndiyo hiyo, inatoka kwenye udongo huu, kwa Profesa, kwa mama yake na kwetu sisi tulioketi, wala hakuna njia ya kujua ipi ni ya nani, ingawa yeye alitafuta njia hiyo tangu Ubelgiji.

Profesa, mazoezi yameisha, leo umepiga mbele ya watu, na chombo bado hakijanyamaza. Umefika kwa mama yako, pumzika kwa amani.