Mfumwa Hezroni Kajiru na Sauti Aliyoifungia Kifuani

Mchungaji, wazee wa kanisa, wazee wa ukoo, majirani zetu wa huku juu nanyi mliopanda kutoka Maore, Kisiwani na Same mjini, Bwana Yesu asifiwe. Familia imenipa mimi, mdogo wa marehemu, Yona Filipo Kajiru, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, nami nitayasoma polepole, kwa kuwa mengine mnayajua kwa kusimuliwa tu, na leo yafaa msikie yalivyokuwa.

Mfumwa Hezroni Filipo Kajiru alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, katika kitongoji hiki, juu ya Gonja, Wilaya ya Same, akiwa mtoto wa kwanza wa Mfumwa Filipo Kajiru, aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu, na mama yetu Doris, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi hapa. Kilio chake cha kwanza kilipasua chungu cha uji kilichokuwa mafigani na kuku wote wakatoka mbio, na bibi mzaa baba akasema, "Mpeni anyonye upesi, nyumba hii bado mpya." Alibatizwa Jumapili ya tarehe 3 Juni mwaka huohuo, na maji yalipomgusa kichwani alilia mara moja tu, kioo cha dirisha la mashariki kikaingia ufa, mchungaji akamaliza ibada kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Wazazi hawakumficha, wala hawakumpeleka kwa mganga, bali walimfundisha kunong'ona, kama wengine wanavyowafundisha watoto wao kuketi vizuri mbele ya wageni. Alianza shule ya msingi Januari 1960, akawa anajibu maswali kwa kuandika kwenye kibao, mwalimu akamkalisha karibu na mlango, na tunashukuru kusema kwamba alisoma hadi darasa la saba na kufaulu, ingawa hakuendelea, kwa sababu ya jambo lililotokea katikati.

Ninyi mliokulia huku mnajua kwamba ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, ni ya wote, na ikijaa tope watu huitwa msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe, na mwenye kuita ni mfumwa, kwa pembe. Siku ya Jumanne, tarehe 12 Mei 1964, baada ya mvua nyingi, pembe ilionekana imepasuka, na wazee, kwa fahari waliyokuwa nayo juu ya kijana wao, wakamwambia baba, "Mfumwa, pembe ya nini nawe unaye huyu? Mwache aite, wasikie hadi Maore." Baba alicheka, akapanda juu ya ukuta wa ndiva ili aonekane na watu wake, akasema, "Ita, mwanangu, ila elekeza uso bondeni." Hezroni alielekeza uso bondeni kama alivyoambiwa, akaita mara moja, na kweli watu wa Maore walisikia wakaweka majembe begani, lakini sauti ilikwenda ikagonga upande wa pili wa bonde ikarudi, na jabali lililokuwa juu ya ndiva, ambalo mvua zilikuwa zimekwisha kulilegeza, likashuka pamoja na ukuta, na baba yetu pamoja na ukuta.

Siku ya mazishi, uwanjani hapa, mama alimfuata mwanawe mbele ya watu wote, akamwambia, "Sauti ya kinywa hiki nisiisikie tena maishani mwangu." Hakuna anayemlaumu, alikuwa mjane wa siku mbili, lakini neno la mama kwetu si neno la kuokota na kutupa, na tangu saa ile Hezroni hakunong'ona, hakuimba, wala hakuitikia amina.

Mama aliliondoa neno lile. Mwezi Desemba 1970 alimwita mbele ya wazee, akatia maji kinywani, akampulizia kifuani kama desturi ilivyo, akasema, "Nililolisema kwa uchungu nimelitoa, mwanangu, sasa niamkie nikuitikie." Marehemu alipiga magoti, akautazama mlima uliokuwa juu ya nyumba ya mama yake, akatikisa kichwa. Kwa hiyo kila asubuhi alipita mlangoni kwa mama, akapiga magoti na kuinamisha kichwa, na mama, ambaye katika dunia hii hakutaka kitu kingine isipokuwa shikamoo ya mzaliwa wake wa kwanza, alimjibu, "Haya mwanangu, nenda," kwa maana marahaba huitikia, haitangulii.

Mwaka 1972 wazee walimkalisha kwenye kiti cha baba yake, si cha serikali, kwani ufumwa wa serikali ulikwisha, bali cha ukoo na cha maji, naye alikikalia hadi mwisho, huku akilima tangawizi na maharage kama kila mtu. Walikuwapo waliouliza mfumwa asiyesema ataamua kesi namna gani, na jibu walilipata Oktoba 1987, wakati wa ukame, watu wa juu na watu wa chini walipokutana kwenye ndiva wakiwa na mapanga, na ndugu Vitus, ambaye yuko hapa na ametoa ruhusa tulisome, akapaza sauti, "Bubu atatufanya nini?" Shangazi yake akamvuta shati, "Kaa chini wee, atatushushia mlima mzima!" Mfumwa Hezroni alisimama katikati yao, akafungua kinywa, asitoe sauti yoyote, na watu wote wakaketi chini, wa juu na wa chini, mapanga yakalazwa kwenye majani, ndipo akafumba kinywa na kuanza kugawa maji kwa kuonyesha kidole, zamu kwa zamu, na mgawo ule ndio tunaoufuata hadi leo.

Alifunga ndoa takatifu na Blandina tarehe 21 Agosti 1976, kule Kisiwani, nyumbani kwa bibi harusi. Siku ya kupeleka posa, shangazi wa bibi harusi, marehemu Hedwiga, alisema, "Mmetuletea mchumba au mmetuletea gogo? Aseme mwenyewe kama anamtaka," na Blandina akatokea jikoni bila kuitwa, akajibu, "Shangazi, huyu ameshuka mlima kwa miguu na mbuzi mabegani, unataka aseme nini zaidi?" Watu walicheka, posa ikapokelewa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Sifael mwaka 1977, Fortunata mwaka 1980 na Anderson mwaka 1984, na kila mara marehemu alisimama nje akisubiri kilio cha kwanza, na aliposikia ni kilio cha mtoto kama watoto wengine, aliketi chini na kulia machozi bila sauti.

Marehemu alianza kusumbuliwa na koo Februari 2023, akapelekwa hospitali Same na baadaye Moshi, ambako Daktari Rodgers alimwambia, "Mzee, sema aaa." Blandina akasimama, akasema, "Daktari, tufungue kwanza madirisha, na wale wagonjwa wa chumba cha pili watolewe nje." Daktari akacheka, "Mama, humu nimesikia sauti za kila aina." Marehemu alifumba kinywa, na daktari ikambidi apitishe mpira wenye kamera puani, ndipo ikaonekana ni saratani ya koo. Alitibiwa kwa mionzi Dar es Salaam, Juni na Julai, na alipomaliza aliambiwa, "Mzee, tumeupunguza ugonjwa, ila sauti imeungua pamoja nao, hata ukipiga kelele itatoka kama mtu anayepuliza moto." Marehemu alitokwa na machozi, Blandina akadhani ni huzuni, kumbe aliandika kwenye karatasi, "Mwambie arudie."

Hata hivyo hakuamini upesi. Aliporudi aliteremka na mkewe hadi tambarare ya Kisiwani, mbali na kila mlima, akaweka bakuli la maji juu ya jiwe, akamwashiria Blandina asimame mbali, akasema neno moja, na maji hayakutikisika. Neno lile lilikuwa nini Blandina hakulisikia, na alipouliza, mzee alicheka tu.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba 2023, kabla ya ibada, alikwenda mlangoni kwa mama, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, mama." Mama ana umri wa miaka tisini na zaidi, na masikio yamechoka, kwa hiyo alimwona mwanawe amepiga magoti kama siku zote, akamwambia, "Haya mwanangu, nenda." Hakwenda. Alisogea, akasema tena, na mama akauliza, "Blandina, ana nini huyu, midomo inamtetemeka?" Blandina, aliyekuwa kinywa cha mumewe tangu siku ile ya posa, alitaka kumsemea, marehemu akainua mkono kumzuia. Hapo mama alielewa. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akamshika mwanawe shingoni, akamvuta hadi kinywa kikagusa sikio, na yule ambaye kwa mwito mmoja aliangusha jabali alisukuma pumzi yake yote, mishipa ikamsimama, asikike na mtu mmoja. Mama akasema, "Rudia." Akarudia. "Rudia tena." Akarudia tena, ndipo mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu, marahaba, marahaba," na sisi tuliokuwa uani hatukuweza kutazama.

Baada ya hapo wazee walikuja kwa foleni, wakitaraji maneno makubwa yaliyowekwa tangu zamani, naye aliwaambia ndiva isafishwe kabla ya masika, na kwamba chai ya Blandina, tangu 1976, haijawahi kuwa na sukari ya kutosha. Aliyabakiza mengine yote kwa ajili ya mama, akamwamkia kila asubuhi, na miguu ilipokataa, mama aliletwa kitandani kwake. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, alimwamkia, akaitikiwa, akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Same, Moshi na Dar es Salaam, hasa Daktari Rodgers aliyesafiri kuja kuzika, mchungaji na kwaya, kamati ya ndiva, majirani mliopika na kuchota maji, na watu wa Maore mliokuja bila kuitwa na pembe wala na mtu. Mungu aliyempa sauti ile ameichukua mwenyewe, nasi tunalibariki jina lake.

Leo alfajiri mama alitoka akaketi mlangoni pake, kwenye kiti chake, uso ameuelekeza njiani, na baada ya kitambo tulimsikia akisema, "Marahaba, mwanangu." Hapakuwa na mtu njiani, na hakuna aliyemuuliza.

Pumzika kwa amani, Mfumwa Hezroni. Umesikika.