Nyumba ya Mzee Nzomo Inayosubiri Stima

Mzee Nzomo Kivuva, fundi wa stima wa shule yetu hapa Migwani, anastaafu tarehe 30 Julai 1993 baada ya kuitumikia shule kwa miaka ishirini na saba. Anarudi kwake Tawa na hamu moja ambayo bado haijatimia: kuona stima ikiwaka katika nyumba yake mwenyewe.

Aliajiriwa mwaka wa 1966 kuendesha jenereta, ambayo siku hizo iliamshwa kwa kamba na maombi. Nyaya za stima zilipofika mwaka wa 1984, jenereta ilifunikwa turubai, naye akaomba kila bweni liwekewe mita yake. Ndipo akaanzisha desturi yetu ya Jumatatu. Baada ya gwaride, msichana mmoja wa kila bweni humfuata kutazama kisahani kinachozunguka ndani ya mita, kisha hukimbia kuzima taa na pasi zilizosahaulika, na kurudi kuona kimepunguza mwendo. Bweni lililotumia stima kidogo zaidi hupewa redio ya shule Jumamosi.

Redio hiyo ilituponza mwaka jana. Sisi wa Bweni la Mumoni tulizima swichi kubwa Alhamisi, tukawa tunajisifu gizani. Hatukujua kwamba pampu ya maji ya shule nzima hupitia mita yetu. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Tulipogundua asubuhi hiyo, tangi lilikuwa limekauka, na pampu huhitaji nusu siku kulijaza. Mzee Nzomo hakupiga kelele. Alitugawia mitungi akatangulia njia ya mtoni.

"Haya, mama zangu, mmepumzisha pampu," alisema. "Sasa pampu ni nyinyi."

Mumbua, kiranja wetu, alimuuliza kama bado tungepata redio.

"Mtaimba wenyewe mkipanda mlima," alimjibu, naye akabeba mitungi miwili.

Mwezi wa Aprili mwaka huu, kwaya yetu ilialikwa kanisani Tawa, kisha tukanywa chai nyumbani kwake. Kila chumba kina nyaya, swichi na mahali pa balbu. Aliviweka mwaka ule ule shule ilipopata stima, akiamini nguzo za stima zingefika upesi. Ziliishia sokoni, na hapo ndipo zilipo mpaka leo. Mke wake, Mama Kaluki, alipotoka sebuleni alibonyeza swichi kuzima taa isiyokuwapo. Tulicheka.

"Msinicheke, wasichana," alisema. "Huyu mzee wenu hunikagua. Stima ikija, mimi sitafundishwa kuzima."

Mzee Nzomo alicheka pia, lakini baadaye alisimama mlangoni akitazama upande wa sokoni hadi chai yake ikapoa.

Sasa nguzo mpya zimelazwa kando ya barabara, karibu na shamba lake. Hakuna aliyemwambia zitasimamishwa lini. Kila anaporudi kutoka nyumbani tunamuuliza, naye hujibu, "Bado zinalala."

Mzee wetu, asante kwa mwanga tuliosomea. Jumatatu zitakuwa pweke bila wewe. Tunakuombea afya, mvua shambani, na nguzo zilizosimama wima. Na siku ya kwanza stima itakapowaka kwako, tafadhali usizime mapema. Waambie watu wa nyumbani waache kila taa ikiwaka, milango iwe wazi, hata majirani wa ng'ambo ya mto waone kwamba imefika.