Thumuni ya Inchi: Maisha ya Garland Wade Eudy, Mkaguzi wa Magari ya Mashindano

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliokuwa madereva na mafundi wa uwanja wa Long Fork, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mvumilie maelezo haya hadi mwisho, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyeyaagiza, sehemu moja neno kwa neno, na kwa sababu yumo humu kanisani mtu ambaye ameisubiri sehemu hiyo kwa miaka thelathini na sita.

Marehemu Garland Wade Eudy alizaliwa Jumatatu tarehe 4 Novemba 1940, nje kidogo ya Oakboro, kaunti ya Stanly, North Carolina, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa Bw. Clyde Eudy, mkulima wa pamba, na mkewe Bi. Ola. Alisoma hapo hapo Oakboro kuanzia mwaka 1947 hadi alipohitimu mwezi Juni 1959, na ingawa imezoeleka kusemwa kwamba alikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, familia imeitafuta ripoti yake na kukuta alikuwa wa tatu, naye angetaka isomwe hivyo hivyo.

Baada ya shule alilitumikia jeshi kwa miaka mitatu katika karakana ya magari, kisha mwezi Oktoba 1962 akaajiriwa kuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nyuzi mjini Albemarle, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1998. Jumamosi tarehe 15 Juni 1963 alifunga ndoa na Bi. Wilma Jean Furr katika kanisa hili hili, na msimamizi wake alikuwa Bw. Dwight Honeycutt, jirani yake tangu utotoni, waliyevua naye samaki, waliyejenga naye gari lao la kwanza, na ambaye baadaye alikuja kuwa dereva wa mashindano. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lynette mwaka 1965 na Russell mwaka 1968, na Bi. Wilma alitutangulia tarehe 2 Mei 2015.

Kuanzia Aprili 1974 hadi uwanja ulipofungwa Oktoba 2003, kila Jumamosi ya msimu, marehemu alikuwa mkaguzi wa magari wa Long Fork. Chombo chake kikuu kilikuwa kipande cha chuma cha kimo cha inchi nne, alichokisukuma chini ya chesisi upande wa kushoto, ambao ndio hulalia ndani ya kona, na kama chuma kilikwama gari lilikuwa chini kuliko kanuni inavyoruhusu, kwa kuwa gari lililoinama hushika kona vizuri kuliko wenzake na kupata faida isiyo yake. Mafundi walikiita chuma hicho Shemasi, wakaulizana mlangoni, “Shemasi kapita kwako?” na kujibiwa, “Kapita, ila kanusa nusa kwanza.”

Kitabu cha kanuni kilimpa mkaguzi mamlaka mawili, uamuzi wake kuhusu kosa ulikuwa wa mwisho, na adhabu ilikuwa kadiri atakavyoona yeye. La kwanza hakuwahi kuliogopa. La pili, kwa maneno yake mwenyewe, lilimnyima usingizi tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa chuma kilimwambia gari lina upungufu gani, lakini hakikumwambia kamwe dereva astahili nini.

Jumamosi alasiri, tarehe 12 Septemba 1987, katika mashindano ya mwisho ya msimu, Bw. Honeycutt alishika nafasi ya kwanza, na kwa ushindi huo akawa bingwa wa mwaka kwa muda wa dakika arobaini. Desturi ya Long Fork ilikuwa kwamba gari la mshindi, na hilo peke yake, liliingizwa kinyumenyume kwenye sakafu ya zege ya ukaguzi, uso ukielekea jukwaani, ili watu wapige picha. Bw. Honeycutt alisimama kando akifuta mikono, akasema, “Pima, kaka, nimeiweka pale pale Shemasi anapopenda, asije akalalamika nimemwachia uchochoro,” na watu wakacheka, naye marehemu akacheka, kisha chuma kikakwama nyuma ya gurudumu la mbele. Alikirudisha, akakisukuma tena, kikakwama, na mara ya tatu kikakwama, na upungufu ukawa thumuni ya inchi, yaani sehemu moja ya nane.

Kwa miezi mingi kabla ya siku ile minong'ono ilikuwa imeenea kwamba mkaguzi anamlinda rafiki yake. Familia imeuliza watu sita waliokuwapo, na hakuna aliyeweza kutaja tukio hata moja la upendeleo, lakini minong'ono haihitaji tukio, na marehemu aliisikia mpaka dukani kwa kinyozi. Akaandika adhabu palepale, akimnyang'anya Bw. Honeycutt ushindi wa siku ile, pointi zote za msimu, na haki ya kushindana mwaka mzima uliofuata.

Bw. Honeycutt aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akasema kwa sauti ya chini, “Chuma chako sibishani nacho. Nijibu kitu kimoja tu, Garland. Ingekuwa mtu humjui, ungempa hii?”

Marehemu hakujibu. Daftari lake la ukaguzi, ambalo familia inalo, linaonyesha kwamba tarehe 20 Juni mwaka ule ule mshindi mmoja, mgeni kutoka kaunti nyingine, alikutwa na upungufu wa nusu inchi, yaani mara nne ya ule wa Bw. Honeycutt, akanyang'anywa ushindi wa siku hiyo tu. Bw. Honeycutt hakurudi tena uwanjani, aliuza gari, akaendesha lori la kokoto hadi uzee, na jina la mwizi wa kimo likamfuata yeye, na wanawe hadi shuleni.

Jumamosi tarehe 5 Machi 1988, baada ya mvua, marehemu alikwenda kufagia sakafu ya ukaguzi akakuta maji yametuama kwenye kona moja. Alileta pima maji, akapima, akakuta kona hiyo imezama robo ya inchi, nayo ndiyo kona ambayo gari la mshindi, kwa kuingia kinyumenyume, huikanyaga kwa gurudumu la mbele la kushoto, wakati magari mengine yote huikanyaga kwa gurudumu la nyuma la kulia, upande usiopimwa. Gurudumu likiwa shimoni na chuma kikiwa juu ya zege lililo sawa, gari halali lingeweza kuonekana batili. Washindi wengine walipita kwa sababu waliacha nafasi kubwa, na aliyenaswa akawa yule aliyelipanga gari lake kwa usahihi wote juu ya mstari.

Haki inataka isemwe kwamba haijulikani sakafu ilizama lini, huenda ni Septemba, huenda ni baridi ya Januari, na zege jipya lililomwagwa Aprili lilifuta ushahidi. Familia haidai kwamba gari lile lilikuwa halali, inasema tu kwamba ubatili wake haukuthibitishwa. Marehemu alimweleza mwenye uwanja, hayati Buford Kluttz, akajibiwa, “Kanuni inasema neno lako ni la mwisho, Garland. Basi liache liwe la mwisho, bwana, usitutie aibu,” naye akaliacha, na hilo hakumsingizia Kluttz hata siku moja. Tangu hapo alipima kila gari mara mbili, likielekea huku na likielekea kule, na alipoulizwa sababu alisema ni mazoea tu.

Mwezi Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Tarehe 21 Oktoba 2023 Bw. Honeycutt alikuja kumjulia hali, akileta beseni la nyanya za mwisho za bustani yake, wakakaa barazani saa nzima, na kwa saa nzima wakazungumza kuhusu nyanya. Gari la mgeni lilipotoka, marehemu alimwambia binti yake, “Nilikuwa nalo mdomoni, Lynette. Likaganda.” Tarehe 3 Desemba akamwandikisha maneno mtakayoyasikia, akaagiza yasomwe mbele ya jeneza lake. Russell alipinga, akauliza, “Dada, siku ya kumzika baba ndiyo siku ya kumwanika?” naye akamjibu, “Siku nyingine Dwight hatakuwa amekaa mahali ambapo kila mtu anamwona,” na wakakubaliana.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 83, akiacha watoto wawili na wajukuu wanne. Uwanja haupo, na hakuna chombo kilichobaki chenye mamlaka ya kurudisha ubingwa wa mwaka 1987, kwa hiyo yafuatayo hayana nguvu ya kisheria, na yanasomwa kama alivyoyasema.

“Dwight, uliniuliza nikanyamaza. Jibu ni hapana. Mgeni ningemchukulia siku moja, kama yule wa Juni. Wewe nilikuongezea kwa kuwa niliogopa midomo ya watu, nikaiita haki. Na sakafu ilikuwa imezama, nikajua, nikanyamaza tena. Sikuombi kitu. Nimetaka tu wote walioniona nikikuandikia karatasi ile wanisikie nikisema.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya kaunti, majirani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na mafundi wa Long Fork watakaolibeba jeneza hadi kaburini. Inamshukuru pia Bw. Dwight Honeycutt, aliyeombwa kuwa miongoni mwa wabebaji kabla hajajua kitakachosomwa, akakubali bila kuuliza sababu, na ambaye sasa yuko huru kubadili uamuzi wake, bila mtu yeyote humu kumhesabia kosa.

Garland Wade Eudy, jibu limefika. Pumzika.