Kiti cha Nyuma cha Chura

Nyuma ya steji ya Dagoretti Corner, pale vibanda vinapoipa Ngong Road mgongo, kuna kiti chekundu cha ngozi kilichopandishwa juu ya mawe manne ya kujengea. Hicho ndicho kijiwe. Kiti chenyewe hakikutoka dukani. Kiling'olewa ndani ya gari la spoti la milango miwili linalolala hatua chache kutoka hapo, chini ya turubai, nalo pia juu ya mawe. Gari ni la mzee Ndegwa. Watu walilibatiza Chura kwa sababu taa zake zilikuwa zikifumuka kutoka kwenye boneti kama macho ya chura aliyeshtuliwa. Mwaka pikapu ya Ndegwa ilipokufa, alikitoa kiti cha nyuma apate nafasi ya kabeji, na gari lililoundwa kushindana na upepo likawa linashindana na wachuuzi wa Kinangop kufika sokoni Kangemi. Kabeji zikaisha, gari likachoka, kiti kikabaki nje. Hakuna aliyekumbuka kukirudisha, maana tayari kilikuwa kimekaliwa.

Mkaaji wake mkuu alikuwa Wambua, ambaye kijiwe kilimwita Transcript kwa vile alisomea uhandisi wa mitambo na ukibishana naye alikutajia alama zake. Kazi hajapata. Anaishi kwa dada yake huko mtaa wa Satellite, na dada huyo ana ufunguo mmoja tu wa nyumba, anaoondoka nao akienda kazini. Si kwa ubaya. Ni mlango wake. Kwa hivyo tangu asubuhi hadi jioni Wambua ana kiti hiki, na hana kingine.

Asubuhi hiyo walikuwa watatu wamebanana. Kushoto Okinyi, muuza kava za simu, jina la kijiwe Breaking. Katikati Wambua. Kulia mzee Jaswant, Kalasinga aliyenyoosha mabodi ya magari mpaka mgongo wake ukapinda, wakimwita Spana. Mbele yao Mercyline, mwenye biashara ya kahawa, alikuwa akimimina ile ya tangawizi kutoka kwa chupa yake ya chai.

— Wazee, breaking! Okinyi alisema, jicho kwa simu. Wamestop. Ya mwisho imetoka factory jana. Ukoo wa Chura umeisha.

— Nani amekufa? Jaswant aliuliza.

— Chura, mzee.

— Si alikufa kitambo? Mimi mwenyewe nilimfunika.

— Huyo ni wetu. Sasa ni familia yote. Factory imefunga line, hawataunda ingine tena.

Jaswant alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. Hakuwa na haraka na misiba.

— Sababu?

— Kelele na moshi, Okinyi alisema. Majuu sasa wanataka gari inanyamaza kama friji.

— Uongo. Ni clutch. Vijana wa leo mguu wa kushoto ni wa kupigia mpira tu. Ukimpatia gia ya mkono anakuuliza iko na app gani.

— Spana, wewe unaona miguu, mimi naona mbali, Okinyi alisema, akiinuka kidogo ili apate nafasi ya mikono. Hiyo gari ilikuwa inaaibisha satelaiti. Watu wa usalama wanaiona kwa screen ikiwa Nakuru, kumbe dereva ashafika Eldoret, anakunywa maziwa ya mursik na wakwe. Wakubwa wa dunia wakakaa chini, wakasema, hii itatuletea shida.

— Hao wakubwa walikutumia minutes za mkutano? Wambua aliuliza.

— Transcript, si kila kitu iko kwa notes.

Mercyline aliziba chupa. Yeye huwa haongei mpaka wanaume wamalize upuzi mdogo, ndipo alete mkubwa.

— Mnazunguka tu. Ni matuta.

— Matuta gani, mathe?

— Haya ya kwetu. Walituma mtu wao huku kimya kimya, aone kama gari itauzika. Akafika lile tuta la kwenda Satellite. Akashuka, akalala chini kwa lami, akapima tumbo la gari na rula. Akapima tuta. Akalia. Akapiga simu kwao, akasema, fungeni.

Jaswant alicheka hadi kahawa ikamwagikia ndevu. Hata Wambua alitabasamu, kwa shingo upande.

— Nyinyi endeleeni, alisema. Kwanza hii msiba si yetu bado. Sisi gari hutufikia ikishachosha wenyewe. Hiyo ya mwisho tutaiona Mombasa baada ya miaka saba, ikinuka sigara ya mtu wa Osaka, na tutaiita mpya. Na in the meantime, it's simple economics. Kitu ikiacha kutengenezwa, zenye zimebaki zinakuwa dhahabu.

— Zote? Mercyline aliuliza.

— Zote.

— Na nyinyi wa digrii? Course yenu si walifunga?

— Yetu hawakufunga. Hiyo ndiyo shida. Tulitoka factory tukiwa full option, tukapigwa picha na kofia, tukapangwa yard. Mpaka leo tuko yard, tunanyeshewa, na kila mwaka wanaleta zingine mpya wanapark mbele yetu. Wangestop production mwaka mmoja tu, mimi ningekuwa classic.

Okinyi alitaka kujibu lakini akamwona mzee Ndegwa akija. Ndegwa alikuwa amevaa koti la kanisani, na ilikuwa Jumanne.

— Mzee, kuna harusi? Jaswant aliuliza.

— Kuna mgeni. Ndegwa alijibu akiketi kwenye kreti ya soda kwa mpapaso, mkono mbele, kwa sababu macho yake siku hizi yanaona watu kama nguo zilizoanikwa mbali. Hii habari ya factory imefika kila mahali. Kuna daktari wa meno wa Lavington, anakusanya gari za zamani na kuzifufua. Amenipigia. Anakuja kuona Chura saa hii.

— Wah! Okinyi alisema. Dhahabu!

— Aliniuliza kama iko complete. Nikasema hata ashtray iko. Akasema vizuri, kwa sababu ikikosa kitu hata kimoja anaenda kuchukua ile ingine ya Nakuru.

Wote watatu wakahisi joto la ngozi nyekundu chini ya suruali zao.

— Tumwambie hii model ilikuja bila kiti cha nyuma, Okinyi alinong'ona. Ya racing.

— Mimi natengeneza ingine, Jaswant alisema. Nipe mbao, sponji, mwezi moja.

— Anakuja saa hii, Spana.

— Basi tumpe cha matatu, Wambua alisema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Kwani yeye anataka cha nyuma cha nini? Gari yenyewe ni ya mtu mmoja na madharau yake. Hiki tumekikalia sisi. There is such a thing as possession, mzee. Hata korti inajua.

Ndegwa hakubisha. Alinyoosha mkono, akapokea kikombe kutoka kwa Mercyline.

— Sikuja kuwafukuza, alisema. Kama ni kukaa, kaeni. Mimi nilitaka tu nisikie ikinguruma tena kabla masikio hayajafuata macho. Basi.

Akapuliza kahawa yake. Afadhali angewatukana, Wambua alikuwa na majibu ya matusi ya kila aina.

Mgeni alikuja kwa miguu kutoka alikoegesha gari lake, msichana wa miaka thelathini hivi, raba za vumbi, nywele zimefungwa kwa rababendi.

— Sasa, wazee? Mimi ni Nidhi. Mzee Ndegwa ni nani?

Ndegwa alimpeleka kwa Chura. Pale kwenye kiti hakuna aliyesogea. Walimwona akitoa turubai taratibu, akizunguka, akigonga mlango kwa kidole, akiweka sikio kwenye boneti kama daktari wa kifua. Aliingiza kichwa ndani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka, mkononi alikuwa na jani la kabeji lililokauka kama karatasi.

Hakucheka. Alikuja nalo hadi kijiweni, Ndegwa nyuma yake, na hapo ndipo adabu ya kijiwe ilipowachongea. Kwa maana sheria ya hapo inajulikana, mgeni hasimamishwi. Kabla hawajafikiri, Jaswant alishasogea, Okinyi akainuka, na mzee Jaswant akapiga ngozi kwa kiganja.

— Keti, beti, keti binti yangu. Mercyline, kahawa ya daktari.

Nidhi aliketi. Alipokea kikombe, akapuliza, akanywa. Mkono wake wa pili ulitua kwenye kiti, ubavuni mwake, kidole gumba kikaanza kuufuata mshono wa ngozi, mbele, nyuma, mbele tena, kikasimama.

— Mzee Ndegwa, aliuliza kwa upole, na kiti cha nyuma kiko wapi?

Okinyi aliangalia simu iliyokuwa imezima. Jaswant aliangalia juu. Ndegwa alifungua mdomo, na Wambua akaona kwamba mzee alikuwa anatafuta uongo kwa ajili yao, mtu ambaye hata bei ya kabeji hakuwahi kudanganya.

Wambua akasimama.

— Umekikalia, madam, alisema. Shika hapo, Okinyi. Spana, usiiname, mgongo wako.

Walikibeba. Wambua alitambaa ndani ya Chura, akapanga ndoano kwenye matundu yake, akasukuma kwa goti. Kiti kiliingia kwa mlio mmoja mfupi, kana kwamba kilikuwa kimetoka tu kuangalia mtu steji. Ndegwa aliusikia mlio huo. Aliweka kiganja juu ya paa na kukiacha hapo.

— Naichukua. Siku ikiwaka, Nidhi alimwambia, nitaileta hapa hapa. Nitakukanyagia mafuta mpaka uniambie inatosha.

— Haitatosha, Ndegwa alisema, na uso wake wote ukafunguka.

Waliporudi, kahawa ilikuwa imebaki ya duru moja. Mercyline aliigawa. Walisimama kuzunguka mawe manne yaliyobaki matupu, kila mtu na kikombe chake, wakiwa warefu kuliko walivyozoeana. Okinyi alijaribu kufufua habari za satelaiti, zikakataa kuwaka. Nidhi aliwatazama, akayatazama mawe.

— Na nyinyi sasa, aliuliza, mtakuwa mnakaa wapi?

Wote walimgeukia Transcript, kwa mazoea. Wambua alitafuta jibu kwa Kiswahili, akalitafuta kwa English, akalitafuta hadi kwa Kikamba cha nyanya yake. Kisha akanywa kahawa yake akiwa amesimama, polepole, isiishe.