Siku Mke Wangu Aliposimama Mahakamani Bunda

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mchungaji amesema nisimame hapa mbele, na mimi namshukuru Mungu kwamba naweza kusimama mbele za watu bila hofu ya kuanguka. Mtanielewa nikifika mbele. Majina ya watu sitayataja. Wengine wako humu humu ndani na hawapendi kutajwa.

Mimi nimezaliwa Bukima, kando ya ziwa. Nikiwa mdogo nilianza kuanguka. Naanguka, natetemeka, natoa povu, halafu nalala kama maiti. Nikiamka sikumbuki kitu. Ni kifafa, ndugu zangu, tukiite kwa jina lake. Siku moja niliangukia motoni jikoni, mnaona mkono wangu huu ulivyokunjamana. Watu walikuwepo pale. Walikimbia, kwa sababu huku kwetu tulikuwaga tunaamini lile povu likikugusa na wewe unaupata. Mama yangu ndiye aliyenitoa. Baba alichinja mbuzi, akanipeleka kwa waganga huku na huko, nikachanjwa chale mpaka mgongoni. Niliendelea kuanguka.

Nilipokuwa mkubwa mama akaniambia, "Mwanangu, hili ni letu sisi. Nje usiseme." Nikahamia upande wa Bunda, nikalima pamba, nikaoa. Mke wangu alijua mwezi ule ule wa kwanza. Aliniona nimeanguka shambani, akanikalia pembeni mpaka nikazinduka, akanifuta uso kwa khanga yake. Jioni akanipikia ugali kama kawaida. Lakini kwao hakusema, na mimi sikusema. Mkwe wangu, baba yake, alipokea ng'ombe zangu za mahari bila kujua.

Kuficha kulikuwa rahisi wakati ule, maana kila mtu alikaa kwenye mji wake, boma lake mwenyewe, mbali na jirani. Halafu tukahamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zikapangwa mstari, mlango unatazama mlango. Shamba la kijiji tunalima wote pamoja, jua la utosi. Nilikuwaga nikisikia kichwa kinaanza kuwa chepesi, najificha porini. Watu wakaanza kusema: yule mvivu, yule anataka kula jasho la wenzake. Nikawaacha waseme. Nawaambia, ni afadhali uitwe mvivu kuliko uitwe mtu wa kifafa, ndivyo nilivyofikiri.

Sasa ikafika siku ya kuuza pamba. Tulikuwa tumepanga foleni na magunia yetu tangu alfajiri, watu wengi, vumbi, joto. Nakumbuka nimeshika gunia langu. Kitu kingine ninachokumbuka ni kwamba niko chini, mdomo una damu, mikono imefungwa kamba ya katani nyuma, na watu wamenizunguka mbali.

"Mlevi huyu!" mtu akasema. "Asubuhi yote hii!"

Askari mgambo mmoja alikuwa amekaa chini ameshika mkono wake, analia kwa maumivu. Wakasema nimemvunja. Alikuja kunishika nikiwa nahangaika, nikamsukuma kwa nguvu akaangukia mizani. Ndugu zangu, mimi sikumbuki. Mpaka leo sikumbuki.

Nikapelekwa polisi Bunda, nikawekwa mahabusu. Mashitaka: kumjeruhi askari mgambo akiwa kazini. Tulikuwa wengi katika chumba kidogo, na mule ndani nikaanguka tena. Wenzangu wote wakajibana ukutani, wakapiga kelele wafunguliwe. Lakini mmoja, mtu wa Tarime aliyeshikwa kwa mambo ya ng'ombe, hakukimbia. Nilipozinduka nikakuta kichwa changu kiko juu ya shati lake, na yeye amekaa kifua wazi.

"Tulia, mura," akaniambia, kama wanavyoitana vijana kwao. "Dada yangu alikuwa hivi hivi. Hakimu umemwambia?"

"Simwambii mtu."

"Basi utafungwa."

"Nikisema, mkwe wangu atamchukua binti yake. Na watoto wangu nani atawaoa?"

Akaniachia lile shati mpaka asubuhi. Tulipotolewa mahabusu yule mtu sikumwona tena. Kesi yake sijui iliishaje. Kila nikisali namtaja, ingawa jina lake sikuuliza.

Siku ya mahakama watu walijaa mpaka madirishani. Mkwe wangu alikaa benchi la mbele, na fimbo yake. Mke wangu alikaa nyuma na akina mama, mtoto mgongoni. Hakimu akanisomea shitaka.

"Ni kweli au si kweli?"

"Mheshimiwa, sijui."

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa baraza, katika wale wanaokaa na hakimu, akacheka pia.

"Hujui kama ulimpiga mtu?"

"Nilikuwa nimeshika gunia langu. Halafu nikajikuta nimefungwa."

"Ulikunywa nini?"

"Maji, mheshimiwa."

Wakacheka zaidi. Hakimu akaacha kalamu, akanitazama kwa hasira. Akasema, kama sina la kujitetea ataendelea. Nilimtazama mkwe wangu, nikatazama sakafu.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mke wangu.

"Mheshimiwa, mume wangu si mlevi. Anaanguka. Ana kifafa."

Waliokuwa wanacheka wakageuka, ndugu zangu, wamtazame.

"Mama, kaa chini," hakimu akasema. "Zamu yako haijafika."

"Nikikaa sasa sitapata nguvu ya kusimama tena. Acha nimalize. Hanywi pombe, hajawahi kunipiga. Akianguka hajui anachofanya, na ukimshika kwa nguvu wakati anaamka anahangaika kama mtu anayezama. Nimeishi naye, naijua hali yake. Nimewaficha wazazi wangu. Baba, nisamehe."

Mkwe wangu hakugeuka. Mimi niliona macho yanaingia ukungu, nikafikiri ugonjwa umekuja, kumbe ni machozi tu.

Hakimu akashika tena kalamu, kisha akamwita yule mgambo, mkono umefungwa plasta na kitambaa shingoni. "Wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Eleza ulichokiona. Usieleze ulichosikia watu wanasema."

Yule kijana angeweza kunimaliza pale pale. Akasema, "Mheshimiwa, alikuwa tayari ameanguka mwenyewe. Macho yamegeuka, povu linatoka. Pombe sikuisikia. Mimi nilimrukia nikambana, nikaona ndiyo kazi yangu. Alinisukuma baadaye."

Hakimu akaahirisha kesi, akaagiza nipelekwe hospitali Musoma chini ya ulinzi nipimwe. Maisha yangu yote nilikuwa nimepelekwa kwa waganga. Hospitali ilibidi nipelekwe na polisi! Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tabibu wa Musoma alimwuliza mke wangu maswali mengi kuliko mimi. Halafu akatuambia kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, kama vile malaria ni ugonjwa wa damu. Akasema povu haliambukizi. Mke wangu akauliza, "Hata kidogo?" Akajibu, "Hata kidogo. Wewe umemfuta mara ngapi? Umeanguka?" Mke wangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na askari aliyetusindikiza akageukia dirishani. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nimeze kila siku hata nikijisikia mzima, nisiingie ziwani peke yangu, nisikae karibu na moto.

Kesi iliporudi, tabibu alikuja mwenyewe Bunda akaeleza mbele ya wote. Hakimu akashauriana na wazee wa baraza, akasema mtu asiyejijua hawezi kuhukumiwa kwa alichofanya. Nikaachiwa. Yule mzee aliyecheka alikuja kunishika mkono, huu huu uliokunjamana.

Lakini nilikuwa sijapona hofu. Mkwe wangu alikuwa bado.

Alikuja siku iliyofuata, akakaa kwenye kigoda uani. Majirani wote wakatoka milangoni, si mnajua nyumba za mstari. Akamwambia binti yake, "Ulinificha."

"Ndiyo, baba."

"Anakupiga?"

"Hapana, baba."

"Hivyo vidonge anameza?"

"Kila siku. Mimi ndiye ninayempa."

Mzee akachorachora vumbi kwa fimbo yake. Nami nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitawaambiaje watoto. Halafu akasema, "Leteni chakula. Na msinitengee. Nitakula na mkwe wangu."

Tukaletewa ugali na sato. Akaosha mikono, akamega, akachovya kwenye bakuli langu, majirani wote wakiona. Ndugu zangu, sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Tangu hapo nalima. Nimeanguka mara chache mwanzoni, sasa ni muda mrefu sijaanguka. Vidonge vikikosekana zahanati, anayenifuatia Musoma ni yule yule mgambo. Mkono wake ulipona. Ananiambiaga, "Wewe meza, mimi sitaki kuvunjwa wa pili."

Namshukuru yeye kwa kusema kweli. Namshukuru hakimu aliyeuliza tena, na tabibu aliyepanda basi kuja kunitetea. Namshukuru mtu wa Tarime popote alipo. Mke wangu, wewe sina maneno.

Nililojifunza ni hili. Mtu akianguka, usimkimbie na usimbane. Mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, subiri. Na kama nyumbani kwako kuna mtu mmemficha, msingoje mpaka aitwe mshitakiwa ndipo mseme ni mgonjwa. Mahabusu wako wengine kama mimi, ambao hawakupata mtu wa kusimama.

Kliniki ya ugonjwa huu ni Jumanne. Mimi na mke wangu tutakwenda, anayetaka twende pamoja tutampitia nyumbani kwake, iwe Nyasura, iwe Kabasa. Hatutauliza mengi.

Mama pale nyuma, nakuona umesimama. Usitoke nje, mama. Mke wangu anakuja hapo ulipo.